Mbolea ya Mama na Simu Yangu

Kutoka Songea hadi Tarime nilitumia siku nne, na moja kati ya hizo niliipoteza Singida bila sababu. Basi lilisimama ili abiria wapate chakula, nikaona mji umetulia, nikabaki mpaka kesho yake. Ndivyo nilivyo tangu nimalize kidato cha nne: nikikaa mahali miguu inawasha, nikiwa njiani natamani nyumbani. Mwanza nilinunua sururu isiyo na mpini, maana safari yenyewe ilikuwa ya kufuata dhahabu. Tulipovuka daraja la Mto Mara niliona matete yamejaa bondeni, nikakumbuka mabonde ya kwetu, ambayo wala hayafanani nayo.

Nyarero, kijiji cha huko Tarime, nilipanga chumba katika mji, yaani boma, wa mama mmoja mzee, nikawa naenda kwenye mashimo ya dhahabu na kurudi. Mume wake alikufa zamani na hakumwachia mtoto wa kiume. Kwa desturi ya Wakurya, mama alitoa ng'ombe akaoa mke, wanaita nyumba ntobhu, ili mke huyo amzalie watoto na mji usifungwe. Mke huyo alikuwa na watoto wawili wa mji ule. Mimi nilimwita mama mdogo, ingawa nilimzidi miaka kumi au zaidi. Sikujua jina jingine linalofaa.

Wakati ule kila kitu kilikuwa kimepanda. Petroli ilipopanda, bodaboda wakapandisha, unga ukapanda, hata kinyozi akapandisha ingawa mashine yake ilitumia umeme wa jua. Mbolea ndiyo watu waliacha hata kuiulizia. Kisha redio ikatangaza kwamba serikali itabeba sehemu ya bei ya mbolea. Mkulima ajisajili kijijini, apewe namba yake. Akienda kwa wakala anaitaja, ujumbe wenye tarakimu chache unaingia kwenye simu aliyoandikisha, anamsomea wakala saa ile ile, anauziwa mfuko kwa bei ya ruzuku. Mimi nimetoka Songea, kwetu mtu anazijua mbolea kabla hajajua kusoma. Nilifurahi kana kwamba shamba ni langu.

Nikawasindikiza mama na mke wake ofisi ya mtendaji wa kijiji. Karani alikuwa kijana mgeni, ametoka mkoa mwingine kama mimi.

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi," mama akasema.

"Jina la mume?"

"Mume ni mimi."

"Mama, hapa fomu inauliza mume."

"Na mimi nimekujibu. Mke wangu yule pale, amebeba mtoto."

Foleni ikacheka. Mzee mmoja akapaza sauti, "Andika, karani! Ng'ombe alitoa yeye au ulitoa wewe?"

Karani akaandika. Akauliza namba ya simu. Mama hakuwa na simu. Mama mdogo alikuwa nayo, ndogo ya tochi, akasema kwa upole, "Tuandike yangu."

Mama akakataa palepale. Shamba ni jambo la mume, haliandikwi kwa mke. Akanigeukia, akaniita kama wanavyoita vijana wa kule. "Mura, toa yako. Si unalala kwangu?"

Nikaitaja. Hakuna aliyeniuliza kama masika yatanikuta pale, na mimi sikujiuliza.

Mawingu yalipoanza kukusanyika nilikuwa nimechoka mashimo. Nikasikia upande wa Mugumu kuna kambi ya watalii inajengwa, nikaenda kuchanganya zege. Niliaga nikasema ni wiki moja. Kule mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na simu tulichaji Jumapili, siku gari la mizigo lilipokuja. Jumapili ya tatu nikapanda kichuguu, nikawasha, ujumbe ukaingia mfululizo. Tarakimu, tarakimu, tarakimu, za siku tatu tofauti, zote zimeshapitwa na muda.

Ningeweza kupanda gari lile lile. Sikupanda. Nilijiambia paa la kambi halijaisha. Nilizunguka kambi siku nzima, kila kazi niliyoshika nikaiacha, na bado nikakaa siku nne nyingine.

Nilipofika Nyarero mahindi yalikuwa yamefika magotini, membamba, manjano. Walipanda mikono mitupu.

"Karibu, mwenye mbolea," mama mdogo akasema, akaendelea kupepeta.

Mama alikuwa ameenda mjini Tarime kwa wakala mara tatu. "Akaniambia, 'Simu yako imezimwa, mama.' Nikamwambia si yangu, ni ya mpangaji. Akacheka mpaka akashika kaunta."

Nikamwambia mbolea ya kukuzia bado inawahi, shamba la juu linaokoka tukiiweka juma lile. Nikasema safari hii nitakaa mpaka mwisho.

"Mwisho upi? Mwaka mzima upo hapa, hata sufuria hujanunua."

 Asubuhi yake mama alijifunga kanga mbili, akaenda ofisini, mama mdogo nyuma yake, mimi nyuma ya wote. Foleni ilikuwepo tena. Mama akasema kwa sauti ya kusikika na wote, akitazama dirishani: "Futa namba ya huyu. Andika ya mke wangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mzee wa ng'ombe aliangalia viatu vyake.

Kutoka pale tulienda moja kwa moja kwa wakala. Ujumbe ukaingia kwenye ile simu ya tochi. Mama mdogo akasoma, akakosea tarakimu moja. "Rudia, dada," wakala akasema. Akarudia polepole, kidole juu ya kioo. Mfuko ukapakiwa kwenye bodaboda. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, mikono mfukoni, na hakuna aliyehitaji nifanye lolote.

Shamba la chini, la mtoni, halikuokoka. La juu waliliwahi. Kesho yake niliwakuta humo na begi langu begani, mama akipima mbolea kwa kizibo cha soda, mke wake akifukia kwa jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua mgongo. "Unaenda wapi?"

"Bado sijajua."

"Basi tembea, mvua inakuja," akasema, akasogea shina linalofuata.