Nesi aliniambia nimpunguzie mke wangu mawazo, nikamwongezea

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni. Vijana marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimeona humu watu wanabishana kama stress ya mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Wengine mmesema hayo ni mambo ya kizungu, mama zetu walibeba mimba na kuni juu.

Mimi si daktari. Nilikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Ila jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, na nitalisimulia lilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonitia aibu. Ndizo nyingi.

Ilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare za Hanang. Ngano mpaka macho yanachoka. Tuliishi kwenye kota za shamba, mimi na mke wangu Paskalina, mtoto wa watu wa Tumati, Mbulu. Tumati kuna vilima, kuna miti, kuna ndugu kila kona. Mimi nikamleta mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona upepo tu.

Akashika mimba ya kwanza. Nikafurahi nikakosa adabu. Nilimsalimia bosi wa karakana kwa "mambo vipi".

Kwa kuwa msimu wa kuvuna ulikuwa unakaribia na mimi nisingekaa nyumbani, nikaona nimlete mama yangu kutoka Endasak aje amsaidie. Sikumuuliza Paskalina. Kwa kweli sikumuuliza mama pia. Nilienda tu nikambeba.

Mama yangu alikuwa mtu mwema sana, Mungu ampumzishe, lakini alikuwa na mdomo. Paskalina akikaa chini kidogo tu, mama anaanza:

"Mimi huyu mumeo nilimbeba huku nachunga ng'ombe. Siku ya kumzaa nilikuwa nimetoka kisimani. Nyie wa siku hizi mnabeba mimba kama mmebeba mayai."

Hiyo ni asubuhi. Mchana anairudia, anaongeza na ng'ombe wengine.

Paskalina hajibu. Kwao mkwe hajibiwi. Akawa anapungua, chakula anakisogeza sogeza kwenye sahani, mimi nasema ni mimba tu hiyo.

Siku moja nikampeleka kliniki Katesh. Nesi alikuwa mama mmoja wa makamo, sauti nzito, hacheki ovyo. Akampima tumbo, akampima tena, akanigeukia mimi.

"Baba, mtoto ni mdogo kuliko miezi yake. Na presha ya mama imepanda kidogo. Mkeo analala?"

Nikamwambia, "Analala vizuri sana, Sista."

Paskalina akaniangalia. Kumbe aliyekuwa analala vizuri sana ni mimi.

Nesi akasema taratibu, kama anamwelekeza mtu njia:

"Mama akikaa na hofu kila siku, mwili wake hautulii, na mtoto yuko humo humo ndani. Anaweza kuzaliwa mdogo, au kabla ya wakati. Anaweza kuwa wa kushtukashtuka na kulia sana. Sisemi ni lazima iwe hivyo. Nasema mwondolee mawazo."

Wakuu, hakusema namna ya kuyaondoa. Hapo ndipo nilipopotelea.

Mimi ni mtu wa mashine. Kitu kikipiga kelele unatafuta kinachogonga, unakitoa. Nikarudi kota nikaanza kutoa.

Nilianza na jogoo. Alikuwa anawika alfajiri chini ya dirisha letu. Nikamchinja, nikatengeneza supu, nikampelekea mke wangu kwa heshima zote. Akaangalia bakuli, akauliza jogoo yuko wapi. Nikasema uko naye hapo.

Yule jogoo alipewa na mama yake siku anaondoka Tumati. Nilijua. Nilidhani supu ingefidia.

Halafu nikazunguka kota nzima, mlango kwa mlango. Mtu asimwambie Paskalina habari mbaya. Asimkasirishe. Mkikutana naye, tabasamu. Jirani mwenye redio nikamwomba azime kila matangazo ya vifo yakianza.

Mama nikamweka kikao. "Mama, kuanzia leo usimsemeshe kabisa. Nesi amekataza."

Nesi hakukataza. Nilimsingizia.

Mama akatii. Alikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alikuwa akimtazama tu Paskalina kwa huruma, anatikisa kichwa, na likimtoka neno ni hili tu: "Pumzika mwanangu. Wewe pumzika tu."

Siku hizo shemeji yangu Bura, kaka yake Paskalina, akaja kutoka Tumati kutusalimia. Nilimdaka kantini kabla hajafika nyumbani. Nikamuuliza habari za huko.

"Wote wazima, shemeji, ila bibi aliteguka mguu, sasa anaendelea vizuri."

Mimi nikasikia "aliteguka" tu. Nikamwambia hiyo ni habari mbaya, dada yake haruhusiwi kuisikia, arudi. Mtu ametoka Mbulu, wakuu! Nilimnunulia chai nikamrudisha. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa, akaniachia.

Sasa jirani mmoja alimwona anaondoka. Akaenda kumwambia Paskalina, huku akitabasamu kama nilivyoagiza: "Nimemwona kaka yako anarudi. Nadhani alikuwa analia."

Bura hakuwa analia. Lilikuwa vumbi.

Hebu jiwekeni mahali pa yule mwanamke. Unatoka kliniki, ghafla kota nzima inakutabasamia. Mkwe wako aliyekuwa hanyamazi amenyamaza, anakwambia pumzika. Jogoo wako umepikiwa. Kaka yako amekuja, ameonana na mumeo, ameondoka analia.

Paskalina akajumlisha mwenyewe. Akajua anakufa, na wote wameambiwa isipokuwa yeye.

Kesho yake nilikuwa juu ya kombaini. Nikamwona mama anakuja katikati ya ngano anapunga kanga. Nikazima mashine.

"Mkeo ameondoka! Amepanda lori la shamba!"

"Amekwenda wapi?"

"Nitajuaje? Si ulisema tusimsemeshe?"

Tumbo la miezi saba kwenye lori, barabara ile. Hapo ndipo nilipoacha kujiona fundi.

Gari lingine halikuwepo. Nikachukua trekta la karakana bila ruhusa, nikaelekea Katesh, maana lori la shamba huenda huko. Trekta, wakuu, halina haraka. Na njia nzima wazee wako barabarani na ng'ombe wao, na kule kwetu humpiti mzee bila kumwamkia, hata kama nyumba yako inaungua. Napunguza mwendo. Shikamoo mzee. Marahaba, hujambo, watoto hawajambo, mifugo je? Namwambia wote wazima, machozi yananitoka. Mzee mmoja akauliza mbona nalia kama wote wazima.

Nilimkuta kliniki. Amekaa kwenye benchi, viatu amevua, miguu imevimba. Alikuwa amekuja kumuuliza nesi amebakiza siku ngapi.

Nesi akanitazama nilivyojaa vumbi na makapi ya ngano kichwani.

"Ndiye huyu aliyechinja jogoo?"

"Ndiye," mke wangu akasema.

"Baba, nilikwambia umwondolee mawazo. Ulimuuliza mawazo yake ni yapi?"

Nesi akamgeukia Paskalina. "Mama, mwambie."

Akasema akiangalia chini. Kwamba anaogopa kuzaa kule kwenye upepo, mimi nikiwa shambani, hakuna mtu anayeongea lugha yake. Kwamba anamtaka mama yake. Kwamba kila jioni nikirudi ninauliza kombaini imekuwaje, ninajijibu mwenyewe, ninalala.

Nilijua vipuri vyote vya ile mashine. Cha mke wangu sikujua hata kimoja.

Tuliporudi nikamweleza mama kila kitu. Nilitegemea ghadhabu. Alikaa kimya, na safari hii sikuwa nimemkataza. Halafu akasema:

"Mimi mwenyewe nilizaa nalia, namtaka mama yangu. Hiyo ya ng'ombe naisemaga tu."

Akafunga mizigo, yake na ya Paskalina. Wakaenda Tumati pamoja. Mimi nikabaki na barua ya onyo kwa sababu ya trekta.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, binti, mdogo kama kunguru aliyelowa. Tukamwita Sisilia. Akalia miezi sita. Mlango ukibamizwa anaruka, mikono juu. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea. Kutamka ndiyo kabisa, miaka miwili na nusu hana neno.

Je, ni ile stress? Sijui. Nilimuuliza nesi, akasema hakuna anayeweza kuapa kwa mtoto mmoja, wengine huzaliwa hivyo tu. Akaniambia niache kuhesabu yaliyopita. "Mbebe. Ongea naye. Mama yake naye atulie. Mtoto hajaisha kutengenezwa."

Basi nikawa dereva anayebeba mtoto mgongoni. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka.

Alipokaribia miaka mitatu tulikuwa Endasak kwa mama. Mama anahadithia wageni, maneno yanamiminika, ng'ombe wameshafika arobaini. Sisilia alikuwa mapajani mwake. Akainua mkono, akamfunika bibi yake mdomo, akasema wazi kabisa:

"Bibi, nyamaza."

Paskalina akaanza kulia. Mama akatoka nje mbio, kanga inaanguka, anapita nyumba kwa nyumba: "Mjukuu wangu ameongea! Amenitukana! Ameongea!"

Nilichojifunza ni kidogo. Mimba ni ya mama, lakini hofu yake inapikwa na nyumba nzima, mimi nikiwa mpishi mkuu. Na kabla hujachinja jogoo wa mtu, muulize anaogopa nini.

Walio na uzoefu, akina mama hasa, semeni. Na kama kuna mwanaume mwingine aliyewahi kufanya ujinga zaidi ya huu, naomba ajitokeze, nisijione niko peke yangu.