Gari Lililonuka Ubani

Nilipotoka eda nilikuwa mjane mwenye mabinti wawili, cherehani moja, na gari ambalo sikujua hata boneti yake hufunguliwa wapi. Miaka ile ya tisini magari ya Dubai yalikuwa yakimiminika bandarini, na mwenye gari la zamani alionekana kama aliyevaa viatu vya babu yake. La kwetu lilikuwa la zamani. Lilikuwa limekaa uwanjani Makadara miezi minne na zaidi, maana kichochoro chetu cha Mji wa Kale, Mombasa, nyuma ya Ndia Kuu, hakipitishi gari, nalo lilikuwa limejaa vumbi na mavi ya kunguru.

Binti yangu mkubwa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kilikuwa kifunguliwe baada ya majuma matatu, na asiyefika siku hiyo nafasi yake hupewa mwingine. Cherehani isingemfikisha. Gari likiuzwa kwa bei yake, angekwenda. Likiuzwa kwa bei ya kutupa, angebaki nyumbani kushona vifungo pamoja nami.

Wa kwanza kuja alikuwa dalali mmoja mwenye kofia safi na maneno mengi. Alilizunguka gari mara moja, akapiga teke gurudumu, akasonya.

"Bi, hini si gari, ni chuma. Nakupa hicho nikupacho kwa kuwa marehemu nalimjua."

Alitaja bei ambayo hata leo nikiikumbuka damu hunichemka. Lakini nikiri, nilikaribia kukubali. Ningempinga kwa lipi? Katika vitambaa hakuna awezaye kunidanganya. Nikikishika kitambaa tu najua kinachuja au hakichuji. Katika magari nilikuwa kipofu. Nikamwambia arudi Ijumaa jioni, nikashika njia hadi Bondeni kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza gari la mume wangu.

Alikuwa Mgiriama, Mkristo, mtu wa maneno machache, ambaye nilikuwa nimesema naye labda mara mbili maishani. Nilimweleza habari ya dalali na ya chuo cha binti. Aliacha kazi yake, akabeba betri begani, tukaenda naye Makadara. Kabla ya kuliwasha gari aliniambia niweke mkono juu ya boneti.

"Iko baridi?"

"Iko baridi."

"Basi mnunuzi akija, naye aiguse. Gari iliyopashwa moto mapema huwa inaficha kitu."

Gari likakohoa, likawaka. Akanisimamisha nyuma nitazame moshi, akasema ukiwa wa samawati injini inakula oili. Haukuwa wa samawati. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanipaka vidoleni nisikie kama ina chenga. Kisha akaanza kulibishia hodi.

Sina neno jingine. Magari ya Mombasa huliwa na chumvi kutoka chini, na wenyewe huziba matundu kwa puti wakapaka rangi juu yake. Kwa hivyo fundi aligonga kwa vifundo vya vidole, mlango kwa mlango, sikio karibu. "Hii bati," akawa anasema. "Hii bati." Alipofika chini ya mlango wa kushoto sauti ikawa butu, kama umegonga mkate wa boflo.

"Hapa puti. Niliweka mimi mwenyewe, mwaka juzi."

Nikamwambia basi tunyamaze, nani atainama kugonga huko?

"Mama, atagonga. Na akigundua umemficha hili, atafikiri na injini umemficha. Mwambie wewe kabla hajauliza. Injini yako nzima, marehemu hakuchelewa kubadilisha oili hata siku moja. Hiyo ndiyo utakayouza."

Akanitajia bei ya haki, zaidi ya maradufu ya ile ya dalali, na akaniahidi kuniletea mtu Ijumaa asubuhi. Nilipotaka kumpa chochote alikataa, akauliza tu binti ataripoti lini. Nilirudi nyumbani nikimwombea dua njia nzima, mimi niliyekuwa nikimpelekea chai akija kwa mume wangu bila hata kumtazama usoni. Niliona haya, na haya ile ilinistahili.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo fundi hakuliona kwa kugonga. Mume wangu alikata roho ndani ya gari lile, kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, jirani akituendesha kwenda hospitali. Watu walijua amefia njiani, hawakuuliza zaidi. Alhamisi nikawaza kwamba kiti kile siwezi kukitoa hivi hivi. Nikachukua chetezo nikaenda kulifukiza gari, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Ningetia udi, mtu angedhani gari limetoka harusini. Nilitia ubani, wa kufukizia maiti. Mikono ilijua lile jambo ni la nini, ikauchagua yenyewe.

Mtu aliyeletwa na fundi alikuwa mzee, mwalimu wa madrasa. Nilimweleza habari ya puti kabla hajamaliza kunisalimia. Akagonga, akacheka, akasema nimempunguzia kazi. Akasikiliza injini, akaridhika. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akarudi hatua moja.

"Mwanangu, mbona hini gari yanuka ubani? Imetukua maiti?"

Fundi akanitazama. Nilikuwa na uongo wa kutosha mdomoni: ni mazoea yetu, ni kufukuza mbu. Nilimfikiria binti yangu, ambaye sanduku lake lilikuwa limeshafungwa. Wako watu wasiokubali kuketi katika gari la namna hiyo hata wakipewa bure. Lakini nilikuwa nimeshasema kweli kuhusu kipande cha bati. Ningedanganyaje kuhusu mume wangu?

"Mume wangu alifia hapo," nikasema. "Tulikuwa twampeleka hospitali."

Mzee akakitazama kiti. "Gari iliwazimikia ndiani?"

"La. Haikuzimika hata mara moja. Ni yeye aliyetuwahi."

Akavua viatu, sijui kwa nini, akaingia akaketi pale pale, akainua mikono akamsomea Fatiha. Fundi wangu Mkristo akainamisha kichwa hadi mwisho. Nami nikalia mbele ya Makadara nzima, machozi ambayo eda haikuyamaliza. Mzee alipotoka alikubali bei ile ile ya fundi, hakupunguza hata kidogo.

"Hini gari haikumtupa mwenyewe," akasema.

Dalali alipokuja jioni alikuta nafasi tupu. Binti yangu aliripoti chuoni siku yenyewe, na hadi leo kila ninapomwona amevaa sare yake nawashukuru wanaume wale wawili.

Miezi kadhaa baadaye nililiona gari lile likipita polepole Makadara. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa wajukuu wa mwalimu, wanne au watano, wakigombania dirisha na kupiga kelele kama wendawazimu. Niliwapungia mkono. Nao wakanipungia, hawanijui.