Binti Aliyekwepa Pasi

Jumamosi nilisimama kando ya uwanja wa chuo kimoja hapa Bagamoyo, makocha wawili wakitafuta mchezaji mmoja wa mpira wa pete. Akaingia mwanachuo kutoka Miono, mrefu, mwepesi. Kila akirushiwa pasi anaruka kuliko wote, halafu anajipinda kiuno mpira upite.

"Huyu kakulia kwenye rede," akacheka kocha mwanamume. Kwenye rede, mchezo wa watoto wa kukwepa mpira, ukiguswa nao umetoka. "Tumshukuru, aende zake."

Mwenzake, mama mtu mzima, aliikaza khanga yake juu ya trakisuti, akamwita binti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mabeki waliokukaba, nani kakugusa?"

Binti akafikiri kwanza. "Hakuna, mwalimu."

Mama akamgeukia mwenzake. "Huyu ndiye. Kudaka nitamfundisha mwenyewe. Kuponyoka vile nitamfundisha nani?"

Yule bwana akakuna kisogo, akaliandika jina la binti.

Matangazo yetu ya kazi hayaishi kudai uzoefu. Bado sijaona hata moja linalouliza mtu alicheza nini uani kwao.