Chumvi ya Harusi ya Binti Yangu

Muuguzi wa Mombasa aliyenitundikia dripu ya kwanza alinipa masharti kwa sauti ya mtu anayemtuma mtoto dukani. Nichemshe maji ya kunywa. Nisukutue mdomo kwa maji ya chumvi, asubuhi, mchana na jioni. Nisikae karibu na mwenye mafua. Nisibebe ndoo. Na zaidi ya yote, nipumzike. Nilimwuliza kama amewahi kufika Voi. Akasema hajawahi, nami nikamwambia nilishajua.

Voi mgonjwa hapumziki. Mzima labda, mchana, jua likiwaka mpaka mbuzi wamejilaza chini ya mikokoteni. Lakini ukishaugua unapewa kazi, na kazi yenyewe ni kutazamwa. Wageni walianza kuingia siku ile ile niliyoshuka kwenye basi. Wakavua viatu mlangoni, wakajipanga mkekani, wakanitazama. Mmoja alishusha pumzi kila baada ya dakika moja. Mwingine akanisimulia habari za shangazi yake aliyekuwa na ugonjwa huu huu, titi hili hili la kushoto, na jinsi alivyokuwa mchangamfu mpaka Jumatano. Alhamisi wakamzika. Basi, akaniambia, mimi nisiwe na wasiwasi. Na aliyekuwa akiinuka kuwatilia chai ni mimi, kwa kuwa hawangeondoka bila chai, nao walikuwa wamekuja kuhakikisha kwamba napumzika.

Jina la ugonjwa hakuna aliyelitaja. Walisema "maradhi yale" na kutazama dari, utadhani yanatuchungulia kutoka kwenye mabati. Nywele zilipoanguka, buibui likanisitiri, Alhamdulillahi. Nikawa mwanamke pekee mtaani asiyehitaji kutafuta msusi kwa ajili ya harusi ya binti yake.

Maana harusi ilikuwapo. Binti yangu mkubwa alikuwa ameposwa kabla sijaugua, siku ikapangwa, na daktari naye akapanga dripu zangu bila kutuuliza, kwa hivyo harusi ikaangukia kati ya dripu ya nne na ya tano. Mume wangu alitaka tuahirishe. Nilipomwuliza tuahirishe mpaka lini, alitoka nje kwenda kuangalia kama bomba lina maji. Miaka ile ya tisini bomba letu lilikuwa pambo tu, na yeye ndiye aliyekuwa akiliita hivyo kila siku.

Mimi nilikuwa mpishi wa shughuli. Sikuajiriwa na mtu. Akina mama wa mtaa wetu, wale tuliotoka pwani na kuhamia Voi na wazee wetu, walipokuwa na harusi au hitima ya kumwombea marehemu waliniita nije na mwiko wangu. Kwa miaka kama ishirini walikula pilau yangu, na kwa miaka hiyo yote waliilalamikia. Kwetu hiyo ndiyo desturi. Hakuna anayekula pilau ya shughuli bila kuitoa kasoro: nyama chache, wali umeshikana, bizari imezidi, bizari haipo. Mpishi akisikia hivyo anajua amewalisha vizuri. Na bingwa wa kasoro alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa Taveta. Huyo alianza kulalamika kabla hajanawa mikono.

Ndiye waliyemleta kunitunza. Alishuka na nusu gunia la vitunguu na mikungu miwili ya ndizi, na wiki haikuisha kabla hajaiteka nyumba yangu. Alininyang'anya ndoo, sawa, muuguzi alisema. Akachukua ufagio, kisha pasi, kisha jiko. Kila niliposimama alinikalisha. "Kaa, wifi. Kazi yako ni kupona." Nikawa mgeni nyumbani kwangu, ila wageni wenzangu walikuwa na ruhusa ya kwenda kwao. Na kilichoniudhi kuliko vyote ni upole wake. Hata nilipotapikia mkeka wake mpya alioniletea kutoka Taveta, aliuosha akaniuliza kama ninataka maji.

Nilimwambia mengine yote achukue, lakini pilau ya binti yangu nitapika mwenyewe.

"Harufu ya kitunguu tu inakukimbiza," akasema. "Utapikaje?"

"Nitaziba pua."

Nilikuwa naogopa, sitaficha. Niliogopa kwamba nikiiachilia sufuria ile sitaishika tena, na watu watazoea. Watu ni hodari sana wa kuzoea. Tukabishana siku mbili, mume wangu akienda kuangalia bomba, mpaka tukapatana. Wengine wakate, wakaange, wainue. Mimi nikae kwenye kiti, upande usio na moshi, na chumvi iwe yangu. Mtu yeyote anaweza kukaanga kitunguu. Pilau ni ya yule anayetia chumvi.

Nilichomficha wifi ni kwamba tangu dripu ya tatu ulimi wangu haukuwa ukifanya kazi. Chai, uji, ndizi zake za Taveta, vyote vilikuwa na ladha ya sarafu. Nilijiambia kwamba mkono wa miaka ishirini hauhitaji ulimi.

Siku ya harusi zilitengwa sufuria mbili. Ya kwanza ya wanawake, ili wale mapema wapate kumpamba bibi harusi. Ya pili ya wanaume, watakaporudi kutoka msikitini. Mbuzi walitoka Marungu, wanono. Supu ya sufuria ya kwanza ilipochemka nilidondoshea tone kiganjani, nikalamba. Hakuna kitu. Nikatia konzi ya chumvi. Nikalamba. Hakuna kitu. Nikatia konzi nyingine. Wifi alikuwa amesimama kando yangu ameshika kifuniko, akiutazama mkono wangu. Nikatia ya tatu. Akafunika sufuria.

Wanawake wakala. Sifa nilizopata siku hiyo sijawahi kuzipata tena. Mashallah, mkono haujapotea. Leo umejishinda. Bibi mmoja ambaye aliwahi kurudisha sahani kwa ajili ya kijiwe kimoja alimaliza mpaka punje ya mwisho na kunibusu kichwani. Kwa robo saa hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kupita wote Voi.

Halafu nikaona maji. Tulikuwa tumenunua mapipa mawili ya kututosha hadi jioni, na pipa la kwanza lilikuwa limeshafika chini. Majagi yalikuwa yakizunguka, yakirudi matupu, yakizunguka tena. Nikamwita wifi.

"Pilau ikoje?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu tu, wifi. Wallahi tamu."

Daktari alikuwa ameniambia maneno mengi ya Kiingereza, marefu, na hakuna lililonitisha kama hilo neno moja la wifi yangu.

"Mimi sijafa," nikamwambia. "Sema kweli."

Alitazama chini. "Chumvi," akasema. "Chumvi, wifi, hailiki! Mama wa bwana harusi anakunywa gilasi ya sita."

"Na wewe ulisimama pale unanitazama. Mbona hukunishika mkono?"

Machozi yakamtoka, na huyu ni mtu ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika baba yake. "Nilidhani ndiyo pilau yako ya mwisho," akasema. "Nikajiambia, mwache atie anavyotaka."

Kwa hiyo wote walijua. Wanawake wote wa mtaa, watu wasiosamehe hata punje ya wali mbichi, walikuwa wamekaa mkekani wakimeza chumvi na kuniaga. Nilikuwa nimefanyiwa hitima yangu na kuipikia mwenyewe. Nilikasirika, na nikawapenda, na sikujua nianze na lipi.

Sufuria ya wanaume ilikuwa inachemka. Nyama ilikuwa imeiva, mchele haujatiwa, chumvi haijatiwa.

"Lete kijiko," nikamwambia. "Wewe onja, mimi nitatia."

Akajifuta uso kwa upindo wa leso. Akachota, akapuliza, akaonja. "Bado."

Nikatia kidogo.

"Bado. Na bizari umeibania. Kila siku unabania bizari, sijui ni ya urithi."

Nikatia tena. Akaonja, akafumba macho, akaonja mara ya pili. Watu walikuwa wameanza kusikika barabarani wakirudi kutoka msikitini.

"Basi, wifi. Hapo hapo."

Konzi yangu ilikuwa bado na chumvi, na mkono uliniwasha kuitia. Nikairudisha bakulini.