Gunia Lisilo na Chokaa

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye kampuni ya umma, tulianza kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu pale Ikungi. Kazi zote za banda zilikuwa zangu. Yake ilikuwa moja tu: kwenda Singida Mjini kwa baiskeli kuleta chakula cha kuku, ambacho dukani walimchanganyia pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, na chokaa ya kufanya maganda yawe magumu.

Mayai yakaanza kutoka na ganda jembamba, ukiyashika yanabonyea. Baadaye yakawa hayaonekani kabisa. Kwenye viota nilikuta unyevu na manyoya tu.

Mama mkwe alikuwa na jibu lake tayari.

"Yako kwenu Misigiri," aliniambia. "Unayapakia kwenye basi."

Akaingia chumbani kwangu, akafungua sanduku la nguo, akatoa khanga moja moja na kuzikung'uta. Mume wangu alisimama mlangoni, hasemi kitu. Nilimtazama yeye, siyo mama yake. Afadhali angenipiga.

Kesho yake niliapa sitoki bandani mpaka nimjue mwizi. Kuku mmoja akataga yai lisilo na ganda, utando mtupu. Halijatulia vizuri akageuka na kulidonoa, wenzake wakaja mbio. Nikamwita mume wangu aje aone. Aliangalia, akainamisha kichwa. Hakushangaa hata kidogo.

"Chokaa haimo," akasema. "Niliwaambia dukani waiache. Walinionya kuku watakula mayai."

Kumbe alikuwa anabakiza hela ya chokaa ili awanunulie pombe wenzake waliopunguzwa naye, asionekane ameishiwa.

"Ulijua, ukamwacha mama anipekue?"

"Ningemwambia nini?"

Mama mkwe alipoambiwa, alikuja na kuku wa kienyeji mkononi. "Mwanangu, nilikukosea," akasema. Nikampokea kwa moyo mweupe, maana yeye hakujua. Mume wangu hajawahi kuniambia hivyo. Kuku wale wa mayai tuliwachinja wote, kwa sababu aliyezoea kula mayai haachi hata umpe chokaa debe zima. Tukaanza upya na wengine.

Sasa tumezeeka, na bado tunafuga. Gunia lolote analoleta nalifungua palepale uani, naingiza mkono hadi chini, natafuta chembe nyeupe za chokaa. Yeye anasimama mlangoni, hasemi kitu.