Matuta ya Ikinga Yasiyokatika

Nilipaswa kukataa. Wakati wa Mwingereza, afisa mmoja wa kilimo aliyekaa Tunduma alinikabidhi kamera yake, akataka picha ya matuta ya milima ya Ileje. "Mistari iongoze jicho mpaka kileleni," alisema, "na usikatike hata mmoja." Nilikuwa nimetoka sekondari, nikitamani aniajiri niwe mpiga picha wake. Nikaitikia.

Alfajiri niliondoka na lori la mahindi hadi kijiji cha Mpemba, kisha nikashika njia kwa miguu. Njiani nilijizoeza. Nikisimama katikati ya barabara, kwenye kioo cha kamera ilionekana kama ukuta. Nikichuchumaa pembeni, ilianzia kona ya chini ya picha ikapotelea kati ya vilima. Mwanamke aliyejitwisha kuni alisimama kunitazama.

"Kaka, unapiga picha njia? Njia nayo ina sura?"

"Inayo, dada. Tazama inavyokwenda."

"Ninayekwenda ni mimi. Yenyewe imelala tu!"

Nilifika Ikinga kwa mjomba, kaka wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea pamoja na binti zake na kunisomesha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hilo sanduku lina jicho moja tu, litaimaliza milima yote?"

Asubuhi tulipanda ng'ambo ya bonde. Jua lilikuwa bado chini, kivuli kimejaa kila mfereji, na matuta ya shamba lake yalipinda kuufuata mlima. Lakini katikati yalikatika kwenye kiraka cha majani marefu.

"Mjomba, na pale pangelimwa..."

"Pale amelala bibi yako. Jembe halipiti. Hata majani tunayakata kwa mkono, ukoo mzima ukiwepo. Piga palivyo."

Nilisogea kushoto, nikapanda juu, nikainama. Kila niliposimama, jicho lilikwama kwenye kile kiraka.

Jumapili mjomba alikwenda kanisani. Nikachukua jembe. Nilijiambia ni udongo wa juu tu, nitausawazisha picha ikishapigwa. Nilifyeka, nikaunganisha tuta kwa tuta, nikakimbilia ng'ambo kabla vivuli havijaisha, nikabonyeza.

Niliporudi, mjomba alikuwa amesimama kwenye udongo mbichi, Biblia kwapani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mjomba. Nitaparudisha palivyokuwa."

"Utarudisha majani. Ondoka, dada zako wasije wakaona."

Safari ya kurudi sikuifungua kamera. Filamu iliposafishwa Tunduma, mistari ilipanda bila kukatika mpaka kileleni. Ilikuwa picha nzuri, sitasema uongo. Afisa alinipa kazi.

Tangu hapo, nikiona mstari umekatika, huuliza kwanza kilichoukata. Kisha hutafuta pengine pa kusimama, au huondoka bila picha.

Kwa mjomba nilituma salamu miaka mingi, hazikujibiwa. Nilikwenda mwenyewe, mlango haukufunguliwa. Alipofariki, nilipata habari akiwa ameshazikwa. Kazi niliipata. Nilimpoteza mtu aliyekuwa baba yangu, na sikumzika.