Nilivyojifunza kutunga muziki kwenye gemu ya mkononi Hirbadaw, nikitaka nesi asiondoke

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Najua jukwaani chai, stori za kutunga, zimekuwa nyingi. Hii siyo chai. Nimekaa nayo miaka mingi, leo mvua imenifungia ndani nikasema niiandike kama ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Endagikot, Mbulu. Shule niliacha mapema. Sikufukuzwa, miguu tu ilikuwa haitulii. Nimebeba magunia ya vitunguu, nimepiga tofali, nimechunga ng'ombe wa watu, nimeshika spana gereji. Nikiona kitu chenye skrubu, lazima nijue ndani kuna nini.

Kipindi hicho mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Wazee wengi ukiwauliza mkoa wao walikujibu Arusha. Mimi nilikuwa Hirbadaw, Hanang, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kiiraqw, tumwite Mama Tluway. Nilikuwa natengeneza redio na baiskeli nje ya nyumba yake.

Siku ya mnada nikaona kitu cha kijivu kwenye rundo la viatu vya mitumba. Gemu ya mkononi, ile ya zamani inayokula betri ndogo nne. Nyuma imechomekwa kaseti nyeusi ya gemu, haina picha.

Muuzaji akaniambia, "Chukua bosi, kikokotoo hicho. Cha Ulaya."

Nikachukua.

Nilitegemea nikiwasha nione magari au mpira. Wapi! Skrini ikajaa mistari ya namba na herufi. Ukibonyeza hapa inalia tii, pale inalia tuu. Nikajua hii siyo ya kucheza, hii ni ya kutungia muziki.

Hapo ndipo usingizi wa mchana uliponiisha.

Kwanza namba zenyewe zilinichanganya. Unahesabu vizuri mpaka tisa, halafu badala ya kumi inakuja A. Nikadhani imeharibika. Nikaifungua, nikaipuliza, nikairudishia, A ipo palepale. Baadaye sana nikaelewa kwamba ndivyo inavyohesabu, inapita A mpaka F ndiyo inarudi kwenye moja na sifuri. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nabonyeza, nasikiliza, nakosea, nabonyeza tena.

Sasa kuna nesi alikuwa zahanati pale, tumwite Skola. Mtu wa Mbinga, Ruvuma, amepangiwa kazi huku kwetu kwenye upepo. Aliniletea redio yake. Akanikuta nimeinamia kale kadude najaribu kupanga wimbo wa kanisani ambao kila mtu anaujua.

Akasikiliza kidogo akasema, "Kaka, hiyo fa yako imepanda. Inauma masikio."

Nikamuuliza fa ni nini.

Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kumbe alikulia kwenye kwaya. Akaanza kuniimbia do re mi, mimi natafuta kila moja kwenye mashine. Tukizipata tunafurahi kama tumechimba maji.

Nikamweleza kwamba mashine ina chaneli nne, yaani inaweza kutoa sauti nne kwa pamoja.

Akasema, "Basi hiyo ni kwaya. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi."

"Ila ya nne haiimbi, dada. Inakoroma tu. Sikiliza."

Nikambonyezea. Ikatoa mlio kama mvua inapopiga bati.

"Hiyo ni kayamba," akasema. "Besi mpeleke chaneli ya tatu. Wanaume wa sauti ya tatu watatusamehe, hata kwetu huwa wanachelewa mazoezi."

Wakuu, nimezunguka sana na nimekutana na watu. Sijawahi kuelewa kitu haraka kama nilivyoelewa siku ile.

Akawa anakuja akitoka kazini. Kulikuwa na wimbo wa kwao, kwaya yao waliuimba watu wakitawanyika baada ya ibada. Huku hakuna aliyeujua. Akaniimbia sauti moja moja, mimi naandika kwenye mashine. Yeye alikuwa sauti ya pili. Akiiimba alikuwa anaangalia upande wa kusini, kama mtu anayesubiri mgeni.

Mama Tluway alikuwa anapeta maharage pembeni, macho kwenye ungo, masikio kwetu.

"Wewe kijana, huyu nesi anatibu redio au anatibu wewe?"

"Redio, mama."

"Mbona redio imepona siku nyingi na bado anakuja?"

Skola akajifanya hajasikia. Mimi nikachukua bisibisi nikafungua redio ambayo haikuwa na shida.

Ya moyoni sikumwambia bado. Nilijiambia wimbo ukikamilika, sauti zote na kayamba, nitamchezea mwanzo mpaka mwisho. Ukiisha tu, nitasema. Nilitaka aone kwamba kwao kunaweza kuwa hapa pia.

Halafu jioni moja akaja na sare yake, hakukaa.

"Uhamisho wangu umetoka. Narudi Ruvuma."

Nikasema hongera.

Mimi ndiye niliyezoea kuondoka. Kila mahali nimeaga mimi. Sikujua anayebaki anasikiaje.

Nikaongeza bidii. Kila nikipumua nabonyeza. Lakini asubuhi moja niliwasha nikakuta herufi za ajabu katikati ya wimbo. Nikafungua kaseti. Ndani kuna kibetri bapa kama sarafu, ndicho kinachotunza kazi yako ukizima. Kilikuwa kinaishiwa. Nikarekebisha zile herufi, nikasevu, nikamweleza Mama Tluway kwamba betri ya ndani ya hiki cheusi imechoka, na wimbo wote wa nesi umo humo.

Siku moja kabla ya safari yake nikaenda Katesh kutafuta kibetri kama kile. Kaseti nikaiacha mezani, nimeifunga kwenye leso. Nilizunguka maduka yote ya saa na redio, sikupata.

Nikarudi alasiri.

Waliokulia vijijini mtaelewa haraka. Betri za redio zikichoka unafanyaje? Unazianika juani. Zinapata nguvu kidogo, unasikiliza taarifa ya habari, kesho unazianika tena. Kwetu kila nyumba inafanya hivyo.

Juu ya bati la banda la kuku kulikuwa na ungo. Kwenye ungo kuna maharage, betri za redio ya mama, na kaseti yangu nyeusi. Imeiva. Huwezi kuishika mara mbili.

"Nimekuanikia na hako keusi," Mama Tluway akasema, amefurahi kweli. "Si ulisema betri yake imechoka? Tangu asubuhi nageuza."

Nikaichomeka. Nikawasha. Skrini ikaja safi. Hakuna hata namba moja.

Mpaka leo sijui ni jua, au kibetri kilikuwa kimefika siku yake. Nilichomwambia yule mama ni asante. Ningemwambia nini kingine? Aligeuza kaseti siku nzima kama anavyogeuza maharage yake.

Asubuhi nikapanda lori la mahindi kwenda stendi ya Katesh. Sauti zote nisingewahi. Nikachagua moja, ya pili, ya kwake. Nikaiandika nikiwa nimekaa juu ya magunia, lori linaruka, kidole kinakosea, narudia. Na mashine haikutakiwa kuzimwa hata kidogo, kwa sababu kibetri cha ndani kimekufa. Ukizima, umefuta, ndiyo maana sikuanza usiku: betri zisingefika asubuhi.

Nimefika stendi nimeikumbatia ikiwa inawaka, kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Skola alikuwa tayari ana begi. Nikambonyezea.

Mjue sauti ya pili ikiwa peke yake haina mbele wala nyuma. Mtu wa kawaida hawezi kutambua ni wimbo gani. Kondakta akapita akasema, "Oyaa, zima hiyo, kuku ana mafua!" Watu wakacheka.

Yeye hakucheka. Alisikiliza mstari mmoja, akaanza kuimba sauti ya kwanza juu yake. Taratibu. Pale stendi, katikati ya wauza karanga. Ikawa ni wimbo.

Ulipoisha nikafungua mdomo. Akaniwahi.

"Nikwambie kitu, kaka? Nilikuwa nimeshaanza kupazoea huku kwenu. Nimeshanunua hadi mbegu za mboga. Siku ile besi ilipoingia, nikasikia kama niko nje ya kanisa la kwetu. Sikulala. Kesho yake ndiyo nikaandika barua ya kuomba uhamisho."

Nikaishusha mashine, bado inawaka.

Nilidhani serikali imemhamisha. Kumbe ni mimi. Nilikuwa najenga nyumba, kumbe natengeneza barabara.

"Asante," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuwasahau watu wangu."

Kondakta akapiga bati, paa paa. Nikampa mashine ikiwa inawaka. Nikamwambia usiizime, ukizima hakuna tena. Betri zenyewe ni za kuanikwa, zitafika zitakapofika.

Akaishika kwa mikono miwili. Basi likaondoka kuelekea Singida.

Simu nilikuwa nayo ya kuazima, namba yake Skola nilikuwa nimempa, na mtandao Hirbadaw haukupatikana mpaka upande juu ya kilima nyuma ya kanisa. Kesho yake nikapanda. Meseji ikaingia:

"Imezimika kabla ya Manyoni. Nikaendelea mwenyewe. Mama wa pembeni akaniuliza kama nina msiba. Nikamwambia hapana, naenda nyumbani."

Nilikaa kule juu mpaka mbuzi wa watu wakanizoea.

Baadaye namba yake ikawa haipatikani. Nimeendelea kuzunguka, nimeendelea kutunga, siku hizi kwa simu, chaneli unaweka unazotaka. Sijapata kutunga kitu kilichomfikisha mtu mbali kama kile.

Nilichojifunza wakuu ni kifupi. Kama kuna mtu unataka abaki, mwambie kwa mdomo wako kwanza, wimbo utafuata. Ukimpa kitu kizuri ukanyamaza, kitamsemesha mambo yake mwenyewe, siyo ya kwako. Na sina kinyongo. Alikuwa anapakumbuka kwao, na amefika.

Mnaojua hizi kaseti za zamani, niambieni, ni jua kweli au kilikufa chenyewe? Mama Tluway alikuja kusikia kwamba wimbo ulifutika, akawa ananiuliza kila nikipita kumsalimia, nami nilikuwa namjibu kwamba siyo yeye.

Na wewe uliyewahi kumsaidia mtu kuondoka bila kujua, andika hapo chini. Nasoma zote.